Herufi Sita za Mkono wa Kushoto

Mtu akifiwa kwetu Kianda, huku Kibera, sufuria zote za ploti, ua wetu wa vyumba vya kupanga, huhama. Za chai, za ugali, zile kubwa za githeri ya mahindi na maharagwe, zote hubebwa hadi kwa aliyefiwa na kukaa huko mpaka mwili usafirishwe nyumbani Magharibi mwa Kenya. Ndiyo maana kila mwanamke huweka alama. Mwingine hupaka rangi ya kucha chini ya sufuria, mwingine huchora kwa msumari herufi za jina la mume wake. Siku ya kurudisha vyombo tunakaa uani, tunavipindua kimoja kimoja, tunasoma chini, tunaita mwenyewe.

Asubuhi moja ya namna hiyo nilikuwa nimekunja mikono ya sweta nikisugua masizi. Mama mmoja wa kanisani, mcheshi ambaye huchekesha hata waliovimba macho kwa kulia, ndiye aliyekuwa akisoma alama.

"Hii ya nyekundu?"

"Yangu," nikajibu.

"Hii iko na msalaba?"

"Ya huyo wa mboga."

Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto. Akaugeuza juu chini, vile alivyokuwa akigeuza vifuniko, na macho yake yakatua kwenye herufi sita zilizochorwa tatuu ndani ya mkono, katikati ya kiwiko na kiganja.

"Na hii jameni ni ya nani? Imeandikwa jina ya mwenyewe! Nani anajua huyu bwana, tumrudishie kitu yake?"

Uani wote ukacheka. "Mwambie akuje na risiti!" mwingine akadakia, wakacheka tena. Nami nilicheka. Nilicheka mpaka nikapata nafasi ya kushusha sweta. Hakuna aliyemjua huyo bwana pale, na wangemjua wasingecheka. Walikuwa wanawake wema. Lakini nilitembea hadi mlangoni kwangu nikiwa na sufuria tatu kichwani na jambo moja tu moyoni: jina lile litoke.

Acha nieleze lilivyoingia. Nilikuwa na miaka ishirini, naishi Kabiro, kule Kawangware. Kulikuwa na kinyozi ambaye nyuma ya pazia alichora watu kwa mashine aliyoiunda mwenyewe, mota ya redio ya kaseti iliyofungwa sindano. Aliyenipeleka ndiye mwenye jina. Tulikuwa na miezi mitatu ya kupendana. Aliketi kando yangu, akanishika vidole, akaniambia nikilia atajua simpendi. Sikulia. Nilidhani huo ulikuwa ushujaa. Nilipomuuliza yeye ataandikwa langu lini, alicheka na kusema mwanamume haandikwi.

Tulikaa pamoja miaka saba. Sitasimulia yote. Nitasema hili moja: alipokasirika alikuwa na tabia ya kunishika pale pale, kidole gumba juu ya jina lake, akikaza. Majirani walipoona mkono umevimba niliwaambia nimeungua na mafuta. Yeye aliongezea kwamba mimi ni mzembe na moto. Msichana wetu alipofika miaka mitano, mchana mmoja akiwa kazini, niliondoka naye. Nilibeba godoro, nguo, na sufuria tatu. Sufuria nazo zilikuwa na herufi zake chini, za rangi nyekundu. Sikuwa na wakati wa kuchagua vyombo visivyo na jina.

Kibera nilianza kukaanga samaki kando ya reli, Laini Saba, katikati ya mafundi wa masanduku ya mabati na mwanamke auzaye viatu vya mitumba. Hiyo ndiyo kazi yangu hadi leo. Mafuta yangu ni ya kweli sasa.

Baada ya kichekesho cha sufuria nilitafuta njia ya mkato. Kwenye kibanda cha vipodozi waliniuzia krimu, wakasema inatoa tatuu. Haikuwa na lolote la tatuu. Ilikuwa krimu ile ile ya kung'arisha ngozi ambayo wanawake hujipaka usoni kwa siri na kuikana hadharani. Nilipaka asubuhi na jioni. Ngozi ikawa nyekundu na nyembamba, na jina likabaki limekaa palepale, tena likionekana vizuri zaidi, kama mtu aliyesogezewa taa.

Ndipo mteja mmoja akaniambia kuhusu leza. Nilizunguka kuuliza. Mahali penye bei niliyoweza kuilipa kidogo kidogo palikuwa mahali pamoja tu, chumba juu ya duka la dawa, Kawangware. Katika Nairobi hii yote, ilinibidi nirudi mtaa niliotoroka ili nikatolewe jina la mtu niliyemtoroka huko. Nilipanga kwenda saa nne asubuhi, wakati wanaume wa mjengo, waashi kama yeye, wako kazini, nikiwa nimejifunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi.

Mwanamke wa leza alikuwa muuguzi zamani. Nilimwita daktari, naye kila mara akanirekebisha. "Mimi si daktari, mama. Mimi ni mtu wa mashine." Alinieleza taratibu, na nitakueleza vile vile, kwa sababu kuelewa hupunguza woga, na woga ni nusu ya maumivu. Wino wa tatuu hukaa chini ya ngozi ukiwa mabonge ambayo mwili hauwezi kuyabeba. Mwanga wa leza hutafuta kitu cheusi, hukipiga na kukivunja kuwa vumbi. Kisha damu yako yenyewe hulizoa vumbi hilo polepole, wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mashine haifuti. Mashine huvunja, na wewe ndiwe unayefuta. Ndiyo sababu unarudi baada ya wiki sita au nane, wala huwezi kuharakisha.

"Shida yetu," akasema akiuweka mkono wake kando ya wangu, yote miwili myeusi, "ni kwamba hata ngozi yetu ni nyeusi. Huo mwanga unaweza kuchanganyikiwa. Kwa hivyo tunaenda na mashine inayofaa, na tunaenda pole pole. Umesikia? Pole pole."

Siku ile alipiga nukta moja tu mwishoni mwa herufi ya mwisho, akanituma nyumbani nikangoje tuone ngozi itakavyojibu. Nukta ikapona safi. Tena ikafifia. Furaha yangu ilinipotosha. Nikajiambia, kama mwanga unavunja, mimi nami nitasaidia kwa juu. Nikaitoa krimu chini ya kitanda, nikapaka kwa wiki tatu.

Niliporudi aliniuliza, "Kuna kitu umepaka hapa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nilidanganya kwa sababu mbili. Niliona aibu, maana mwanamke wa krimu huchekwa. Na niliogopa atanirudisha nyumbani, nami nilikuwa nimeshalipita soko la Kawangware nikijificha uso, sikutaka kulipita tena bure.

Alinivisha miwani myeusi. Alikuwa amenipaka krimu ya ganzi na kuifunika kwa nailoni karibu saa nzima. Akawasha kipulizo cha hewa baridi. Nikasikia mlio mdogo, tak, tak, tak, na harufu ya nywele zinazoungua.

Mimi ni mtu wa mafuta ya moto, nilidhani nayajua maumivu ya namna hiyo. Samaki akiingia kwenye karai akiwa na maji, tone huruka, linakuuma, unalipangusa, unaendelea. Leza ni matone hayo hayo, lakini yamepanga foleni. Linakuja moja, jingine nyuma yake, pengine pale pale, na huruhusiwi kuvuta mkono. Ganzi huondoa ncha ya maumivu, haiondoi uzito wake. Herufi ya kwanza niliivumilia. Ya pili nilianza kuhesabu. Ya nne nililia, na nilipolia nikakumbuka kinyozi, na yule aliyesema nikilia atajua simpendi. Nikaendelea kulia kwa makusudi.

"Lia, mama," yule mwanamke akasema. "Hapa hatutozi machozi. Lakini pumua. Ukishika pumzi mwili unakaza, ukikaza inauma mara mbili. Vuta polepole, toa polepole zaidi. Vumilia, pumua."

Alipomaliza, herufi zote zilikuwa zimegeuka nyeupe kama zimeandikwa kwa unga. Weupe ule uliondoka baada ya dakika chache. Nilitembea kurudi nikijiona mshindi. Kufikia jioni mkono ulikuwa unawaka, na kulipokucha malengelenge yalikuwa yamesimama juu ya kila herufi, makubwa kama maharagwe yaliyolowekwa. Jina lilikuwa limeinuka. Ungeweza kulisoma kwa kidole.

Majirani walikuja na dawa zao. Mmoja alisema dawa ya meno. Mwingine ute wa yai. Fundi mmoja wa masanduku akasema kwa uhakika kamili kwamba mkojo wa asubuhi hauna mpinzani. Nilichagua dawa ya meno, kwa sababu ilikuwa karibu. Usifanye hivyo. Nakuomba kama dada. Iliwasha kiasi cha kunifanya nitembee huku na huku chumbani nikiwa nimeushika mkono juu kama mtu anayeuliza swali darasani. Msichana wangu, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja, ndiye aliyechota maji safi na kuniosha taratibu bila kusugua.

"Bado inasomeka," akasema, akiangalia. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa ripoti.

Siku ya tatu nilirudi Kawangware. Mwanamke wa leza alifungua kitambaa, akausogeza mkono kwenye mwanga.

"Ulipaka nini?"

Nikamwambia. Nilitarajia makaripio. Aliketi chini, akavua glavu.

"Mama, nikikuuliza umepaka nini, sikuulizi kama polisi. Nakuuliza ndio nijue nguvu ya kuweka kwa mashine. Ulinipa ngozi nyembamba, mimi nikaipiga kama ngozi nzima. Sasa tumekuchoma wawili."

Aliosha, akaweka mafuta safi na kitambaa kisichonata. Akanikataza kupasua malengelenge, maana ile ngozi ya juu ni bandeji ya bure. Akasema tungoje miezi minne kabla ya kugusa tena, na kwamba huenda pakabaki madoa meupe, mengine kwa muda, mengine pengine milele. Akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia, akatikisa kichwa. Joto na jua ndivyo vitu viwili ambavyo kidonda hicho hakitaki kuona, na mimi kazi yangu ni kusimama juani mbele ya joto.

Miezi ile minne ilikuwa mizito kuliko leza yenyewe. Nilivaa mkono mrefu mbele ya karai, nikageuza samaki kwa mkono wa kulia na kuuficha wa kushoto nyuma ya mgongo kama askari wa gwaride. Wateja walitania. "Mathe, unatuficha nini huko nyuma? Samaki mkubwa?" Mkono ulipopona ulikuwa na sura mbaya kuliko mwanzo. Wino ulikuwa umefifia vipande vipande, na katikati yake palikuwa na mabaka meupe. Jina lilisomeka bado, ila sasa lilisomeka kama tangazo la zamani ukutani. Kuna juma ambalo niliamua kuacha. Nilijiambia nimeishi nalo miaka mingi, nitaishi nalo mingine. Nilijiambia mwanamke mwenye akili hachomwi mara mbili kwa ajili ya mtu yule yule.

Kilichonirudisha ni jambo dogo. Nilikuwa nimeketi kitandani, na bila kujua nikawa nimejishika pale pale, kidole gumba juu ya jina, nikikaza. Nilikuwa nafanya mwenyewe alivyokuwa akifanya yeye. Nikaachia. Wiki iliyofuata nikaenda.

Kuanzia hapo nilijifunza namna ya kuyabeba maumivu, na kama nawe unapita njia hii, labda kitu kimoja kitakufaa. Niliacha kwenda nikiwa na njaa, kwa sababu tumbo tupu hukufanya uzimie mapema. Nilimeza kidonge cha maumivu alichokiruhusu mwanamke wa leza, si kile cha kuazima kwa jirani. Barafu nilikuwa nayo tele, maana samaki wangu hufika kutoka ziwani wakiwa wamelala ndani yake. Niliomba ya kwangu kando kabla haijaguswa, nikaifunga kwenye nailoni na leso juu, kamwe si barafu juu ya ngozi tupu. Nilijituliza kwa muda mfupi, nikatoa, nikarudia. Hata hivyo ilinuka samaki. Msichana wangu alisema mkono wangu uko tayari kukaangwa.

Na wakati wa mashine yenyewe, nilihesabu samaki. Nilifumba macho nikajiona kwenye karai langu, nikigeuza mmoja mmoja, na kila mmoja nilimpa pumzi moja. Nilijua kwamba wakifika arobaini, mwanamke yule angekuwa ameinua mkono wake. Maumivu yenye mwisho unaoujua si sawa na maumivu yasiyo na mwisho. Nimeishi na aina zote mbili, nakwambia kwa hakika.

Kila niliporudi, msichana alifungua kitambaa na kutoa ripoti. "Bado inasomeka." Safari ya tatu: "Inasomeka kidogo." Ya nne: "Mtu asiyejua hawezi soma. Mimi naweza."

Safari ya tano ilikuwa wakati wa likizo ya shule. Siku mbili baadaye nilikuwa kazini na kitambaa cheupe mkononi, msichana kando yangu akifunga samaki kwenye magazeti. Ilikuwa mchana, mafundi wa masanduku wanagonga mabati kama kawaida, na kulikuwa na wateja wanne au watano. Nikaona buti za mjengo zenye saruji zimesimama mbele ya karai. Nilizijua kabla sijainua uso.

"Niaje, mama ya msichana."

Alikuwa yeye, mwenye jina, amenenepa kidogo. Alibeba mfuko wa mwiko na timazi. Alisema wamepata kazi ya ukuta hapo juu, siku chache tu.

"Poa," nikasema.

"Ndio huyu? Amekuwa mrefu." Msichana hakumwangalia usoni. Aliangalia buti. "Nipee huyo mkubwa. Na mkono umefanya nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa karibu mwaka mzima. Njiani kwenda Kawangware nilikuwa nimetunga majibu, mengine makali, mengine ya hekima. Kinywa changu kikatoa jibu lake chenyewe.

"Niliungua. Mafuta."

"Pole." Akatabasamu, akawaangalia wateja wengine kama anawashirikisha. "Huyu na moto! Tangu zamani ni mzembe."

Alilipa, akachukua samaki wake, akaanza kuifuata reli. Mimi nikageukia karai. Ndipo msichana wangu akasema, polepole, bila kuacha kufunga magazeti:

"Kwani bado tunasemanga ni mafuta?"

Sikujua kwamba alikumbuka. Alikuwa mdogo sana Kabiro, mtoto wa kuchezea vifuniko mlangoni. Lakini aliwasikia majirani wakiuliza na akanisikia nikijibu, na alikuwa amelibeba jibu lile miaka yote sita, kama nilivyobeba zile sufuria.

Nataka niwe mwangalifu hapa. Kama uko ndani ya nyumba na mtu wa namna ile, sikuambii umwambie ukweli usoni. Ondoka kwanza. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, kulikuwa mchana, na nyuma yangu kulikuwa na wanaume sita wenye nyundo ambao hunikopesha kiberiti kila siku. Nilipima hayo yote. Kisha nikamwita kwa jina lake. Sikuwa nimelitamka tangu nitoke Kabiro, na lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka.

Akageuka.

"Si mafuta," nikasema. "Ni jina yako. Nalifuta."

Akarudi hatua mbili. Akautazama mkono, kitambaa, kisha msichana. Kwa kitambo uso wake haukuwa na kitu. Kisha akacheka.

"Unapoteza tu pesa. Hiyo kitu haitokangi. Na hata ikitoka, ni nani hajui?"

Nilishika ukingo wa meza. Nyundo zilikuwa zimenyamaza zote, na pale kwetu nyundo zikinyamaza mchana kila mtu huinua kichwa. Fundi yule wa dawa ya mkojo alisimama na kupangusa mikono kwenye aproni.

"Buda," akamwita. "Samaki si umeshalipa? Basi enda ukule kabla ipoe."

Mtu akacheka, mwingine akafuata. Yule bwana akatazama huku na huku, akatema mate kando ya reli, akaenda. Nyundo zikaanza tena. Mimi niliketi kwenye debe, na samaki watatu wakaungua wakawa makaa kabla msichana hajawatoa.

Nikikuambia nilijisikia huru nitakuwa nadanganya tena. Wiki zile nilikuwa na hofu tele. Nilimpeleka msichana kwa jirani kila nilipokwenda kazini, nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, na kila buti yenye saruji ilinifanya niinue uso. Ukuta waliokuwa wakijenga uliisha. Hajarudi mpaka sasa ninapoandika. Sijui kama atarudi. Jambo moja tu lilibadilika, nalo ni dogo: kitambaa kilipofunguliwa na mtu akaniuliza, nilisema nimetolewa tatuu. Kila mara ilikuwa kama tone la mafuta kuruka. Linauma, unapangusa, unaendelea.

Kisha ploti yetu ikafiwa. Msichana alishusha sufuria zetu tatu kutoka kwenye rafu ili azipeleke, akazipindua, akanionyesha. Nyekundu ile ya herufi zake ilikuwa bado ipo. Nilikuwa nikiziosha kila siku kwa miaka yote hiyo, nikizipindua, nikizianika, na nilikuwa nimeacha kuiona kama jina.

Sikuweza kusugua kwa sababu ya kidonda kipya cha leza. Alichukua waya na mchanga akakaa mlangoni. Ilikuwa kazi. Nilimsikia akiiambia sufuria, kwa sauti ya yule mwanamke wa leza niliyomwigizia mara nyingi, "Vumilia, pumua." Alipomaliza, chini palibaki mikwaruzo inayong'aa, na ukiinamisha kwenye mwanga ungeona mahali herufi zilipokuwa.

Akafungua chupa ya rangi ya kucha. "Niandike nini?"

Nilifikiri kumwambia aache hivyo hivyo. Lakini sufuria isiyo na alama haitoki matangani, kila mtu analijua hilo.

"Andika namba ya mlango wetu," nikasema.

Siku ya kurudisha vyombo yule mama mcheshi alikuwa pale, akisoma kama kawaida. Alifika kwenye yetu. "Kumi na nne?"

"Sisi," msichana akajibu.

Akamkabidhi, kisha akauona mkono wangu, kitambaa kimefika kwenye kiwiko. "Woiye! Umeungua, mama?"

"Hapana," nikasema. "Nafuta lile jina ulilosoma siku ile."

Sufuria iliyokuwa mkononi mwake aliishusha chini polepole.

"Na mimi nilicheka," akasema.

"Hata mimi nilicheka."

Akavuta kigoda karibu. Hakuugusa mkono wangu. "Inauma?"

Nilimwambia inauma. Nilimwambia zimebaki safari mbili, labda tatu, na kwamba hata baada ya hapo, mkono ukilowa maji, kivuli huenda kikaonekana. Nilianza kumweleza vile mwanga unavyovunja wino na damu inavyozoa, naye akasikiliza yote, huku akizipitisha sufuria za wenzetu pembeni bila kuzisoma kwa sauti.